Bibi, Njoo Uwashe Jiko

Siku ya kwanza kazini, katika nyumba moja ya Hendon, kaskazini mwa London, binti wa mwenye nyumba alinizungusha jikoni akaniambia: "Kukata, kuosha, kukoroga, kupakua, yote hayo ni yako. Ila jiko usiwashe. Jiko atawasha mama." Mama mwenyewe alikuwa amekaa mezani, mzee wa miaka 79, fimbo ameiegemeza kwenye kiti, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Nilinyamaza, lakini nilishangaa. Nimekuja kumpunguzia mzee kazi, halafu ile inayotaka nguvu ya vidole ndiyo anaachiwa yeye?

Ilikuwa 2012. Nilikaa naye miaka saba. Nilimwita Bibi, na alipoelezwa maana yake hakutaka tena nimwite kwa jina lake. Asubuhi nikiingia namwambia "Bibi, shikamoo," ananijibu "marahaba, mwanangu," kisha anajikongoja hadi kwenye jiko la gesi, anazungusha kitasa, mwali unashika, anarudi kukaa. Siku yetu ilianza hivyo.

Naandika haya kwa sababu dada zetu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo hawaachi kunipigia simu. Wameingia kwenye nyumba za Wayahudi kutunza wazee au kupika, wengine London, wengine Manchester, mmoja yuko Antwerp. Wote wanauliza niliyouliza mimi. Hii kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, ni kitu gani hasa? Nikikosea itakuwaje?

Mimi nilidhani najua. Ni Msabato, mzaliwa wa Upare, ambako kanisa letu limekuwapo tangu 1903, na Mambo ya Walawi 11 niliikariri nikiwa bado nasoma kwa kuunganisha herufi. Mnyama aliyepasuka kwato na anayecheua analiwa. Nguruwe kwato zimepasuka lakini hacheui, basi haliwi. Wa majini awe na mapezi na magamba. Kitimoto sijawahi kukionja, na wenzangu walipobanika kambare mtoni mimi nilisogea pembeni. Kwa hiyo nilipoambiwa nyumba ni ya kosheri nikajibu bila wasiwasi: hata sisi tunafuata.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Umeshajua kisichoingia mlangoni. Sasa tukufundishe yanayofuata kile kinachoruhusiwa kikishaingia."

Alikuwa sahihi. Orodha ya wanyama na samaki unaielewa mara moja na haikusumbui tena. Sato, sangara, changu na nguru wanaruhusiwa. Pweza, ngisi, kamba, kaa, papa na kambare hawaruhusiwi. Nyongeza moja tu niliyokuwa siijui: samaki anunuliwe akiwa na ngozi yake ili magamba yaonekane kwa macho. Minofu iliyochunwa ngozi haikubaliki kwa maneno ya muuzaji tu, isipokuwa inatoka duka lenye usimamizi.

Mzigo wenyewe uko kwenye nyama na maziwa. Torati inarudia amri moja mara tatu, mara mbili katika Kutoka na mara moja katika Kumbukumbu la Torati, kwamba mwana-mbuzi asipikwe katika maziwa ya mama yake. Sisi kanisani tuliusoma mstari huo tukapita. Wayahudi walisimama hapo. Kutokana na maneno yale machache walimu wao, kizazi baada ya kizazi, wakaweka kwamba nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, wala havichangii chombo. Kuku naye anahesabiwa nyama, ijapokuwa kuku hanyonyeshi. Siagi, jibini, mtindi na krimu ni maziwa. Vilivyobaki, yaani mayai, samaki, mboga, matunda na nafaka, vinaitwa pareve, havina upande, vinakwenda na hiki au na kile. Samaki ana sharti lake dogo: hawekwi sahani moja na nyama.

Jikoni kwa Bibi sheria hiyo ulikuwa unaiona kwa macho. Sinki mbili. Droo mbili za vijiko, ya nyama kushoto, ya maziwa kulia. Sufuria za nyama zilikuwa na utepe mwekundu kwenye mkono, za maziwa utepe wa bluu, za pareve wa kijani. Sponji za kuoshea tatu kwa rangi hizohizo, vitambaa vya kukaushia vyombo vivyo hivyo. Oveni kubwa ilikuwa ya nyama, na vya jibini vilichomwa kwenye kijioveni cha juu ya meza. Kama unaingia nyumba mpya, siku ya kwanza usipike kitu. Fungua kila kabati ukiwa na mwenyewe, uliza kila chombo ni cha upande gani, na kama hakuna alama omba ruhusa ubandike. Hawatakasirika. Nyumba zenye sinki moja zipo nyingi siku hizi, fleti zimekuwa ndogo, na huko utakuta wanaoshea ndani ya beseni mbili tofauti badala ya kuweka vyombo moja kwa moja kwenye sinki.

Halafu kuna kusubiri. Ukila nyama hunywi chai ya maziwa mpaka muda fulani upite, na muda wenyewe unategemea mtu katokea wapi. Wengi wanakaa saa sita. Wenye asili ya Ujerumani wanakaa saa tatu. Wenye asili ya Uholanzi, saa moja.

Bibi alikuwa wa saa tatu. Alizaliwa Ujerumani 1933, na alipokuwa na miaka sita, 1939, alipandishwa treni pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi kuletwa Uingereza. Watoto kama yeye waliokolewa karibu 10,000 kabla vita havijaanza. Wazazi wake walibaki, na hakuwaona tena. Alipoolewa, mume wake ukoo wake ulitoka Poland, watu wa saa sita, na kwa kawaida mke hufuata desturi ya nyumba ya mume. Bibi alikwenda kwa rabi kuomba abaki na saa tatu zake. Aliniambia jambo hili mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi. "Picha ya mama sina. Pete yake sina. Hizi saa tatu ninazo." Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuangalia saa ya ukutani pale jikoni kama mtu anayehesabu sharti. Akiomba kahawa mapema mno nilikuwa namkumbusha, "Bibi, bado dakika 20," naye ananishukuru.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba kila nyumba ina desturi yake, na desturi za nyumba moja hazihamishiwi nyingine. Bibi alikunywa maziwa ya kawaida ya supamaketi. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikunywa yale tu yaliyokamuliwa chini ya macho ya msimamizi Myahudi. Wote ni kosheri, wote wanasali, na wanaazimana sukari. Yule dada aliyemtunza jirani aliwahi kumletea bosi wake chupa ya maziwa kutoka kwetu kwa nia njema, ikabidi irudi. Uliza hapo ulipo. Usiseme "lakini kule nilikotoka waliruhusu."

Mkwe wa Bibi alinionyesha hilo kwa njia nyingine. Familia yake inatoka Moroko, ni Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini. Sheria yao haitaki chakula kipikwe na asiye Myahudi peke yake. Kwa Bibi na ndugu zake, ambao ni Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, Myahudi akishawasha moto inatosha, mimi naweza kuendelea na mapishi yote. Kwa Wasefaradi haitoshi: Myahudi aweke na sufuria yenyewe motoni. Basi siku mkwe anakuja kula, mke wake anafika mapema, ananyanyua kila sufuria niliyoiandaa na kuiweka juu ya mwali kwa mikono yake. Mimi nakata, natia viungo, nasogea nyuma hatua moja, yeye anaweka. Tulizoea, mpaka tukawa tunafanya bila kusemezana. Maji ya chai niliruhusiwa kuchemsha mwenyewe, kwa kuwa maji yananywewa hata bila kuchemshwa, na kitu kinacholiwa kibichi hakimo katika sheria hii.

Nitasema ukweli kuhusu yaliyoniuma, maana anayewaficha dada zake hili hawasaidii.

Kwanza nyama. Nilitumwa kwa bucha wa Golders Green kuchukua kuku, nikapewa mfuko umefungwa, ndani yake mfuko mwingine umefungwa, na kila mmoja una muhuri. Nikaambiwa nisifungue njiani. Nyama ikikaa mikononi mwa mtu asiye Myahudi bila mihuri miwili na bila wao kuiona, hawaili. Nilihisi naonekana mwizi. Pili divai. Ijumaa jioni nilinyoosha mkono nimsogezee mgeni chupa iliyo wazi, na binti wa Bibi akaiwahi kabla sijaigusa. Mimi divai sinywi, na wala sikuwa nataka kitu zaidi ya kusaidia. Nilirudi jikoni machozi yakinilenga.

Bibi alinifuata na fimbo yake. Hakunizungusha. Alisema sheria ya divai inatoka zamani, watu walipokuwa wakimimina divai mbele ya sanamu, na kwamba walimu wao baadaye waliiacha ibaki, pamoja na ile ya kupikiwa, ili Wayahudi wasichanganyike na mataifa mpaka wakaoana nao na kupotea. "Siyo wewe," alisema. "Ni sisi tulivyokuwa wachache." Tangu wiki ile ikawa inanunuliwa divai iliyokwisha chemshwa kiwandani, ambayo haina sharti hilo, na maneno hayo huandikwa kwenye chupa. Sitasema maumivu yaliisha usiku uleule. Yaliisha kidogo kidogo, na kilichoyamaliza ni kuona kwamba mihuri ile miwili hata mtoto wa Bibi mwenyewe aliikagua anapoletewa nyama. Ndugu zangu Waislamu wataona kuna ujamaa na halali, na upo: kisu kikali, mchinjaji aliyefundishwa, damu hailiwi. Lakini nyama ya halali si kosheri. Mchinjaji wao lazima awe Myahudi mwenye idhini, kisu akikague kisiwe na pengo hata la unywele, mapafu ya ng'ombe yakaguliwe, mshipa mkubwa wa paja na mafuta fulani viondolewe. Halafu nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi ya mawe saa nzima, inasuuzwa mara tatu. Mabucha ya sasa wanafanya yote hayo kabla hujanunua. Ini peke yake linabaki na utaratibu wake, linachomwa juu ya moto ulio wazi, kwa sababu chumvi haiwezi kulimaliza damu.

Sasa kijiko.

Ilikuwa Ijumaa ya Desemba, mwaka wangu wa kwanza. Wasabato wenzangu wanajua Ijumaa ilivyo, lakini London wakati wa baridi jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mishumaa ya Sabato inawashwa yapata saa tisa na nusu. Kila kitu kiwe kimeiva, kimepangwa juu ya sahani ya umeme inayotunza joto hadi kesho, kwa kuwa moto hauwashwi tena. Saa nane nilikuwa na supu ya kuku kwenye sufuria nyekundu ya lita nane, inatokota. Nikavuta kijiko kikubwa cha chuma kutoka kwenye kikaushio, nikakoroga mara tatu, nikaonja chumvi, nikakiweka chini. Kwenye shina la kijiko palikuwa na alama ya gundi na uzi mmoja wa bluu. Utepe ulikuwa umebanduka wakati wa kuosha. Kijiko kilikuwa cha maziwa.

Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Supu ile ilikuwa ya watu tisa. Nilikuwa na dakika tisini, sina kuku mwingine, na bucha ameshafunga. Hakuna aliyeniona. Naandika wazi kwamba nilikishika kile kijiko, nikakipeleka kwenye sinki, nikafungua maji. Kisha nikafunga. Nilimfikiria yule mtoto wa miaka sita ndani ya treni. Nikaenda nikampiga bega, "Bibi, nimekosea."

Hakunifokea. Aliomba simu, akampigia rabi, akamweleza, kisha akanipa mimi. Rabi aliniuliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka, ijapokuwa na yeye Ijumaa ilikuwa inamkimbiza. Kijiko kilikuwa kisafi? Kisafi. Mara ya mwisho kilitumika kwenye kitu cha maziwa kilicho moto lini? Nikakumbuka: Jumatatu asubuhi, uji wa oti. Una uhakika si jana? Nina uhakika, jana na leo Bibi alikula mkate. Sufuria ya ukubwa gani, kijiko kiliingia mpaka wapi? Nikamweleza. Akasema supu iliwe, sufuria ibaki ya nyama, kijiko kiwekwe kando. Kisha akanishukuru kwa kumpigia.

Baadaye nilielezwa hesabu yake. Chombo kinanyonya ladha ya kilichopikwa nacho kikiwa moto. Saa 24 zikipita, ladha ile inahesabiwa imeharibika na haiwezi kuharamisha chakula. Kingekuwa kimetumika asubuhi ileile, wangepima kama supu inazidi mara 60 ile sehemu ya kijiko iliyozama. Ikizidi, supu ni salama. Isipozidi, inamwagwa. Kijiko chenyewe kilikaa siku nzima bila kutumika, kikazamishwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, kikasuuzwa kwa maji baridi, kikarudi kazini na utepe mpya. Chuma unaweza kukirudisha hivyo. Kikombe cha kauri au chungu cha udongo hapana, kikishanyonya hakiachii.

Kwa hiyo wanaponipigia wakilia, na wanapiga wakilia, nawaambia: acha ulipofika. Usioshe, usitupe, usiongeze kitu, usihamishe sufuria. Kumbuka nini kiligusana na nini, vilikuwa vya moto au vya baridi, na chombo kilitumika lini mara ya mwisho. Halafu mwambie mwenye nyumba. Vikiwa vyote vya baridi mara nyingi kuosha kunamaliza, lakini wa kusema hivyo ni wao na rabi wao. Wanazo njia nyingi za kurekebisha kosa ambalo limesemwa.

Kosa jingine ambalo hakuna anayekutahadharisha ni kitunguu. Chenyewe hakina upande, lakini ni kikali, na kitu kikali kinavuta ladha ya kisu hata bila moto. Ukikikata kwa kisu cha nyama, kitunguu kimekuwa cha nyama. Nusu uliyoiacha kwenye friji ukiitia kesho kwenye mayai yenye jibini, umeharibu kifungua kinywa na pengine kikaango. Kitunguu saumu, pilipili na limau ni vivyo hivyo. Nilitenga kisu kimoja cha mpini wa kijani na ubao wake, kwa ajili ya vitu vikali tu, na nusu zinazobaki nikazifungia kwenye kopo la kijani. Mayai nilikuwa napasua moja moja kwenye glasi, namwonyesha Bibi, kwa sababu lenye doa la damu linatupwa. Mboga za majani zilitaka subira. Wadudu wadogo hawaruhusiwi kabisa, kwa hiyo saladi na sukuma wiki nililoweka kwenye maji ya chumvi, nikasuuza jani moja moja, na binti wa Bibi ndiye aliyeyakagua dhidi ya taa. Asipokuja tulikula kabichi na karoti.

Na nazi! Hapo ndipo nilipomfurahisha Bibi kuliko siku zote. Nilipata tui la kopo lenye muhuri wa kosheri, nikamwambia kwetu kuna kuku wa nazi, mchuzi mweupe kama wa maziwa lakini ni tunda tupu. Aliniangalia kama nimempa zawadi. Miaka yote hajawahi kula kuku kwenye mchuzi mweupe. Nilipika Alhamisi, yeye akiwa amewasha jiko, na jioni wageni wanne wakaja. Kabla sijapeleka bakuli mezani alinizuia. Alichukua lile kopo tupu la tui, akalifuta kwa kitambaa, akaliweka katikati ya meza, karibu na mchuzi, jina likiwatazama wageni. Zamani, aliniambia, waliopika nyama kwa maziwa ya lozi waliweka lozi mezani, ili anayeona asidhani wanakula nyama na maziwa. Siku hizi maziwa ya mimea yamejaa madukani na wengi hawaoni tena haja ya kufanya hivyo. Bibi alifanya. Kopo lile lilikaa pale usiku mzima, na mgeni mmoja alichovya mkate mpaka bakuli likang'aa.

Madukani utasaidiwa na mihuri. Hapa Uingereza tunatazama hasa KLBD, wa London Beth Din, mahakama ya kidini ya Wayahudi, na Kedassia. Bidhaa za Marekani nyingi zina herufi U ndani ya duara, muhuri wa tangu miaka ya 1920. Kando ya muhuri soma herufi ndogo: D ni maziwa. P siyo pareve, ni Pasaka, na hapo wamekosea wengi. Herufi K peke yake, bila jina la shirika, haikuambii nani amekagua, kwa hiyo uliza. Uingereza vitu vingi vya kawaida vinaruhusiwa bila kuwa na muhuri, na London Beth Din wanaorodhesha, siku hizi unatafuta kwenye simu ukiwa dukani. Jelatini, rangi nyekundu ya E120 inayotokana na wadudu, na jibini lolote lisilo na muhuri usiweke kikapuni. Matunda, sukari na chumvi visikusumbue.

Chakula chako mwenyewe: usiingize. Mimi nilikula matunda na vitu vilivyofungwa dukani, kwenye sahani ya karatasi, na maandazi yangu niliyamaliza kituo cha basi. Bibi alinipa kikombe changu na rafu yangu, na mchana tulikula alichokula yeye.

Pasaka yao ni habari ndefu, nitagusa tu. Siku nane hakuna ngano iliyochachuka ndani ya nyumba, wala shayiri, rai au oti, na vyombo vya mwaka mzima vinafungiwa kabatini. Nyumba inasuguliwa wiki mbili kabla, hadi mifuko ya makoti. Waashkenazi wanaacha pia mchele, mahindi na maharage, kwa hiyo sahau ugali. Kwa wazazi wa yule mkwe, mchele waliula. Ukiwa na kipande cha biskuti kwenye mkoba wako, kiache nyumbani.

Mwaka wa mwisho Bibi hakuweza tena kushuka ngazi peke yake. Miezi ya mwanzo nilikuwa namshika mkono, namleta mpaka jikoni, naweka kiganja changu chini ya chake pale kwenye kitasa, yeye anazungusha. Baadaye hata hilo likashindikana. Binti yake akaulizia kwa rabi wao, akapata njia: kila jioni akitoka kazini alipitia kwetu, akawasha mshumaa wa saa 24 ndani ya glasi, akauweka kwenye sinia. Mimi asubuhi nachukua kijiti, nawashia jiko kwa moto wa mshumaa ule, na moto unahesabiwa ni wao.

Asubuhi moja ya Februari nilikuta glasi ni nyeusi. Dirisha lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Binti alikuwa safarini mpaka jioni, na Bibi alikuwa hajala tangu saa kumi na moja ya jana. Nilichukua mshumaa mpya na kibiriti nikapanda juu. "Bibi, shikamoo. Moto umezimika." Alifumbua macho, akaelewa bila kuelezwa. Nilimwinua kwa mito. Kibiriti nilikishika mimi, njiti akaishika yeye kati ya vidole viwili, akaikwaruza mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikawaka, akaipeleka kwenye utambi mkono ukitetemeka, nami nimeikinga glasi isiyumbe. Ilipokolea akaniachia.

Nikashuka ngazi polepole, kiganja kimeuzingira mwali, nikawasha jiko, nikateremsha sufuria yenye utepe wa bluu, nikampikia uji.